Kushona na Kupamba Nyumba kwa Pesa Kidogo, Mwanza na Kandokando ya Ziwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali ambayo majirani, wateja na wanaojifunza cherehani huuliza karibu kila wiki, na majibu yake. Yameanza na ya mwanzo kabisa, yale magumu yako chini. Bei hazikuandikwa kwa makusudi, maana kitenge cha leo Makoroboi si bei ya mwezi ujao. Vipimo ndivyo visivyobadilika, na kwa mwenye hela ya kuhesabu, vipimo ndiyo akiba yenyewe. Hela nyingi hazipotei dukani, zinapotea kwenye mkasi.

## Kabla ya kutoa hela

Nimehamia juzi, hela ni ya kuungaunga. Nianze na mapazia, makochi au kitanda?

Anza na dirisha la chumba unacholala. Usiri huwezi kuukopa kwa jirani, na pazia moja hubadilisha sura ya chumba kuliko kitu kingine chochote cha bei hiyo. Kitanda kikiwa na shuka safi kinajitosheleza. Makochi yawe ya mwisho, kwa sababu yanakula kitambaa kingi na kosa lake ni ghali.

Kabla ya kwenda sokoni, toa kila kitambaa kilichomo ndani na ukitandaze kitandani: kanga zilizopauka, shuka lililochanika katikati, dera lisilovaliwa, suruali za jinzi za watoto waliokua. Shuka huchakaa katikati tu, kwenye kingo linakuwa bado zima. Hapo una foronya mbili bila kutoa shilingi.

Vifaa gani ni vya lazima?

Futi kamba, mkasi mzuri, chaki au kipande cha sabuni kilichokauka, pini, sindano za mkono, na uzi wa rangi tatu: mweupe, mweusi na wa kahawia. Kipande cha sabuni kinachora vizuri kuliko chaki kwenye kitambaa cheusi, na kikifuliwa kinatoka.

Mkasi ndio wa kuutolea hela. Ukishaununua, uwe wa kitambaa tu. Ukikatia karatasi, au mtoto akikatia mfuko wa dagaa, makali yanakwisha na kitambaa kinaanza kutafunwa badala ya kukatwa.

Sina cherehani. Naweza kushona pazia kwa mkono?

Unaweza, na pazia la kushonwa kwa mkono likipigwa vizuri halina aibu. Kwenye pindo, mshono wa kawaida wa kwenda mbele unatosha. Sehemu inayobeba uzito, yaani juu kunakopita bomba, na pale unapounga vipande viwili, tumia mshono wa kurudi nyuma: sindano inatoka mbele kidogo, inarudi kwenye tundu la mwisho, inatoka tena mbele. Ni wa polepole, lakini uzi ukikatika sehemu moja mshono haufumuki wote.

Pitisha uzi kwenye mshumaa kabla ya kuanza, hautajisokota. Na usikate uzi mrefu kuliko mkono wako; uzi mrefu unaonekana kuokoa muda, kumbe unafunga vifundo.

## Kutafuta kitambaa

Mwanza ninunue wapi?

Kwa vitenge, kanga, vitambaa vya kupima, zipu na vifungo, wengi huanzia Makoroboi, katikati ya mji. Kwa mtumba, Mlango Mmoja. Hayo hakuna asiyeyajua. Ambacho wengi hawakitumii ni mabaki: mafundi wanaoshona barazani wana mifuko ya vipande chini ya cherehani, na jioni wengine wanavitupa au kuviwashia moto. Ongea nao kwa adabu, nunua uzi kwao siku moja moja, uone kama hawatakuwekea. Vipande vya kitenge vya ukubwa wa kiganja ndivyo vinavyotoa mto wa viraka ulio mzuri kuliko wa dukani.

Ukiwa Ukerewe, Sengerema au kwenye mialo ya mbali, yaani fukwe wanakotua wavuvi, subiri siku ya mnada, lakini nenda na vipimo vyako vimeandikwa. Kurudi mjini kwa sababu pazia limepungua nusu mita ni nauli ya kitambaa kingine.

Mtumba naona wanachagua haraka haraka. Nikague nini?

Mashuka na mapazia ya mtumba ndiyo bei nafuu ya kitambaa kipana kupita yote, kwa sababu shuka la watu wawili lina upana ambao kitenge hakina, hivyo huungi. Linyanyue uliangalie dhidi ya mwanga. Likionyesha mwanga zaidi katikati kuliko pembeni, limechakaa na litachanika mapema. Shika sehemu mbili kwa vidole gumba, vuta kidogo. Kitambaa kizima kinagoma, kilichooza kinatoa sauti ya kuchanika ndani kwa ndani.

Doa la kutu halitoki kwa sabuni ya kawaida, achana nalo, isipokuwa kama unalikata. Harufu ya belo inatoka: loweka kwa sabuni usiku mzima, fua, anika juani. Nunua pia kwa ajili ya vifaa: pazia la mtumba lililopauka lakini lenye ringi nzima ni ringi za bure, na gauni baya la zipu ndefu ni zipu.

Nitajuaje kama kitambaa ni pamba au plastiki?

Chomoa nyuzi chache pembeni, uziwashe kwa kiberiti juu ya sahani. Pamba inawaka kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini linalopeperuka. Poliesta inayeyuka, inatoa moshi mweusi na kuacha kidonge kigumu. Zile mchanganyiko zinafanya yote mawili.

Si kwamba poliesta ni mbaya. Haipauki upesi wala haikunjamani, kwa hiyo kwa pazia la sebuleni ni sawa. Kwa shuka na foronya, chukua pamba, joto la hapa si la kulala ndani ya plastiki. Na jikoni kwenye jiko la mkaa au gesi, plastiki isikaribie kabisa. Ikishika moto inadondoka matone yanayoganda kwenye ngozi.

Kitenge changu kinachuja rangi. Nitie chumvi?

Chumvi haifungi rangi iliyokwisha kutiwa kiwandani, hata kama bibi alisema. Kinachosaidia ni kufua peke yake kwa maji baridi mara mbili tatu mpaka maji yawe meupe, kisha kuanika kivulini. Kabla ya kukiunga na kitambaa cheupe, lowesha kona, ibane kwa kitambaa cheupe na upige pasi. Kikiacha rangi, usikiunge.

Fua kila kitambaa cha pamba kabla ya kukikata, hata kama hakichuji. Pamba hurudi inapofuliwa mara ya kwanza. Pazia lililokatwa likiwa jipya litakuja kuwa la mwanafunzi aliyekua ghafla, linaning'inia juu ya kingo ya dirisha.

## Mapazia

Nahitaji yadi ngapi kwa dirisha moja?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na wengi wanalijibu kwa macho. Usipime dirisha, pima bomba. Bomba linazidi dirisha kama sentimita 15 kila upande ili mwanga usipenye pembeni. Upana wa kitambaa chote uwe mara moja na nusu mpaka mara mbili ya urefu wa bomba, ndipo marinda yaonekane. Chini ya hapo pazia linakuwa kama shuka lililoanikwa.

Chukua mfano. Dirisha lina upana wa sentimita 120 na kimo cha 120. Bomba litakuwa la 150. Pazia lianze sentimita 15 juu ya dirisha na lishuke 20 chini yake, yaani 155. Ongeza 8 za kupitishia bomba na 5 za pindo la chini: kila kipande kiwe na urefu wa sentimita 168.

Kitenge cha yadi 6 ni kama mita 5 na sentimita 48, na vingi vina upana wa sentimita 115 hivi. Kinatoa vipande vitatu vya 168, jumla 504, na kinabaki kipande cha sentimita 44. Vipande viwili vikiwekwa dirishani vinatoa 230, ambayo ni mara moja na nusu ya bomba. Tayari dirisha limevaa. Kipande cha tatu kinafaa dirisha dogo la jikoni, au kikatwe katikati kiwe mapazia mawili membamba. Zile sentimita 44 zilizobaki usizitupe: ndizo kava zima la mto, na jinsi ya kulikata imeelezwa kwenye swali la kava lisilo na zipu hapa chini.

Kama kitenge kimerudi baada ya kufuliwa, punguza zile 20 za chini ya dirisha, usipunguze pindo. Pindo jembamba hukunjamana na pazia haliangukii vizuri. Na angalia michoro: kama kuna ndege au vinyago vyenye kichwa na miguu, hakikisha vipande vyote vinasimama upande mmoja kabla hujakata.

Kanga inafaa kuwa pazia?

Inafaa kwa dirisha dogo na kwa mlango wa ndani. Kanga moja ina takriban mita moja na nusu kwa mita moja na kidogo, na doti inatoa mbili zinazofanana, kwa hiyo una pande mbili za dirisha tayari, pindo la kanga lenyewe likiwa pambo. Ni nyepesi, usiku taa ikiwaka ndani, wa nje anaona kivuli. Iwekee shuka jeupe la mtumba kwa nyuma.

Soma jina lake kabla ya kuitundika sebuleni. "Hasidi hana sababu" ikiwa imeelekea mlango wa jirani imeshavunja ujirani bila mtu kufungua mdomo.

Mwenye nyumba hataki nitoboe ukuta. Nifanyeje?

Angalia kwanza misumari ya mpangaji aliyetangulia. Karibu kila chumba kinayo. Ile miwili inatosha waya wa pazia wenye springi, ambao unafaa mapazia mepesi. Kama dirisha lina nondo, funga bomba kwenye nondo za juu kwa waya mwembamba au vipande vya jinzi, pazia likae ndani ya kina cha dirisha. Hapo pima nafasi yenyewe, sahau zile 15 za pembeni.

Bomba si lazima liwe la dukani. Fito iliyonyooka, ikaparwa na kupakwa mafuta, ni nzuri kuliko bomba la bati lililochubuka. Bomba la plastiki la mafundi umeme ni rahisi ila linapinda katikati likiwa refu. Chomeka fito nyembamba ndani yake.

Upepo wa ziwani unapeperusha mapazia mpaka kwenye sahani.

Tia uzito kwenye pindo la chini. Shona vifuko vidogo kwenye kona mbili na katikati, weka kokoto laini za ufukweni au nati za chuma zilizochakaa, funga. Ukifua, chomoa kokoto.

Watu wa mwaloni wengine hutumia risasi za nyavu, vile vizito vya kuzamishia wavu, kwa sababu ziko karibu na zinakaa vizuri kwenye pindo. Kwenye nyumba yenye mtoto anayetambaa, hapana. Risasi ni sumu, na mtoto wa umri huo anatia mdomoni chochote anachokivuta.

Na wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama moshi?

Pazia zito haliwazuii, wanapita pembeni. Unahitaji wavu kwenye dirisha lenyewe. Chandarua kilichochanika kisichofaa tena kulalia kinaweza kukatwa na kubanwa kwenye fremu ya mbao nyembamba, au kushonewa mkanda pembeni na kufungwa kwenye nondo. Chandarua kizima kiache kitandani. Malaria haina mzaha na nyumba yenye wavu dirishani. Jioni zima taa ya nje, maana wanafuata mwanga, na asubuhi wakung'ute kwenye pazia wakiwa wakavu. Ukiwafuta wabichi wanaacha doa la kijani.

Mapazia ya upande wa jioni yanapauka miezi michache tu.

Huku kwetu karibu na ikweta dirisha linaloangalia magharibi linachomwa mwaka mzima. Shona bitana: shuka la mtumba, jeupe au la maziwa, fupi kwa sentimita 3 kuliko pazia, limeshikwa juu tu na kuachwa huru chini na pembeni. Bitana ndiyo inayopauka, pazia linabaki. Ukilishika pande zote, siku vitambaa viwili vikirudi tofauti pazia litajikunja.

Nyumba iko mlimani kwenye mawe, kuta hazijanyooka. Pazia linaonekana limepinda.

Nyumba za Mabatini, Igogo na vilima vingine zina madirisha ambayo upande mmoja ni mrefu kuliko mwingine. Usifuate dirisha. Tundika bomba kwa usawa wa maji: chupa ya plastiki yenye maji nusu, ilale juu ya bomba, maji yakiwa sawa na bomba liko sawa. Kisha tundika pazia bila pindo la chini, liache usiku mmoja linyooke, asubuhi weka alama ya pindo ukipima kutoka sakafuni. Sakafu nayo ikiwa imepinda, pima kutoka kwenye bomba. Kila dirisha lipimwe peke yake, hata kama yanaonekana mapacha.

Nina chumba kimoja na watoto. Naweza kukigawa kwa pazia?

Ndiyo, na watu wengi wanaishi hivyo vizuri tu. Tumia kitambaa kizito kisichopitisha mwanga upande wa kitanda, na kiwe na upana wa mara moja na robo tu ya nafasi, maana marinda mengi yanakula chumba. Kisiguse dari: acha nafasi ya mkono mmoja juu hewa ipite. Waya ukivutwa ukuta hadi ukuta unalegea katikati, weka ndoano ya kuushikilia kwenye kenchi au dari.

## Mito, makochi na sakafu

Ninawezaje kushona kava la mto bila zipu?

Kata kava la bahasha. Kwa mto wa sentimita 40 kwa 40, kipande cha mbele kiwe 44 kwa 44. Nyuma vipande viwili, kila kimoja 44 kwa 32. Kwenye kitenge hiyo ni 44 na 32 na 32, jumla 108, kwa hiyo kile kipande cha sentimita 44 kilichobaki kwenye mapazia kinatosha na kuacha utepe.

Kunja ukingo mmoja mrefu wa kila kipande cha nyuma kwa sentimita 3, shona. Laza kipande cha mbele uso ukiangalia juu, juu yake weka vile viwili vya nyuma uso ukiangalia chini, vilivyokunjwa vikipishana katikati kama sentimita 14. Piga bandi, yaani mshono wa muda wa kushikilia, kisha shona pande zote nne ukiacha sentimita 2 kutoka ukingoni. Kata ncha za kona, geuza. Mto unaingia kwa nyuma na hautoki.

Ukitaka ukae umejaa, kava liwe dogo kwa sentimita 2 kuliko mto. Kava linaloteleza ndilo linaloifanya sebule ionekane imechoka.

Nijaze nini kwenye mito?

Sufi ni laini na nyepesi lakini inarushaka vumbi, inataka kitambaa kilichoshonwa karibu karibu kama mfuko wa ndani. Pamba inapatikana kanda hii ya wakulima wa pamba. Inashikana mabonge baada ya muda, ifungue uianike juani na kuichambua upya. Vipande vya sponji kutoka kwa mafundi makochi ni bora kwa mito ya kuegemea. Vikate vidogo, vikubwa vinatoa vinundu. Fulana zilizochanwa vipande zinatoa mto mzito, mzuri kwa kukalia chini, mbaya kwa kichwa.

Chochote ujazacho kiwe kikavu kabisa. Msimu wa mvua, unyevunyevu kidogo tu ndani ya mto unazaa ukungu, na harufu yake haitoki.

Makochi yamechanika, fundi ananitajia hela kubwa. Kuna njia?

Kabla ya kuvua kitambaa, bonyeza fremu. Mbao zikilia au kochi likiyumba, fremu ndiyo inayotaka hela, kitambaa hakitasaidia. Kama fremu ni nzima, shona kava la kuvisha juu: mapazia mazito ya mtumba ni kitambaa kizuri sana kwa kazi hii. Vua kava la mto wa kochi mmoja, ulifumue, lipige pasi. Hilo ndilo kipimo chako kwa mito yote. Mikono na mgongo usivishone, vitandike kitambaa kizito na ukichomeke kwenye mifereji ukiwa na fito ya gazeti lililoviringishwa, lisichomoke mtu akikaa.

Vile vitambaa vya kufuma tunavyotandika mgongoni si vya kizamani kama wanavyosema vijana. Vinabeba mafuta ya nywele, na kuvifua ni rahisi kuliko kufua kochi.

Zulia siwezi. Nitandike nini?

Mkeka, na juu yake zulia la matambara pale miguu inapokanyaga. Chana fulana kwa utepe wa sentimita 5, unga tepe, suka misuko mitatu kama ya nywele, kisha zungusha msuko kuanzia katikati huku ukishona duara moja na jingine. Hapo uzi wa cherehani hautoshi. Nunua uzi wa nailoni wa kushonea nyavu, unaouzwa wanakouza vifaa vya uvuvi, tumia sindano ya gunia. Nailoni inateleza, funga fundo mara mbili na uunguze ncha kwa kiberiti. Ukivuta sana wakati wa kuzungusha, zulia linainuka katikati kama kofia; lishone likiwa limelala mezani, siyo mapajani.

## Cherehani

Ninunue cherehani jipya au la mtumba?

La chuma la zamani, la mguu au la mkono, likiwa zima, litakuzidi umri. Singer na Butterfly vipuri vyake vinapatikana na fundi yeyote anavijua. Nenda na kipande cha jinzi na kipande cha kanga. Shona vyote viwili: mishono ikiwa sawa juu na chini kwenye nene na kwenye nyepesi, mengine yanatengenezeka. Zungusha gurudumu kwa mkono. Likikwama mahali pamoja kila mara, muuzaji akisema "ni mafuta tu", mjibu asante.

Usichukue mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, kwa ajili yake. Mkopo wa kikundi, kama VICOBA mnachojuana, ni habari nyingine, na hata hapo shona kwanza kwa mkono au kwa cherehani la kuazima mpaka ujue kama kweli unaipenda kazi.

Nyuzi zinafungana chini ya kitambaa kama kiota.

Tatizo liko juu, ingawa uchafu unaonekana chini. Inua mguu wa kukandamizia, toa uzi wote wa juu, upitishe upya kila kituo, hasa kati ya zile sahani mbili za kukazia. Nyuzi zote mbili zivutwe nyuma kabla ya kuanza. Ikiendelea, fungua kesi ya bobini usafishe vumbi la kitambaa kwa mswaki wa zamani.

Mshono unaruka, au sindano inavunjika.

Badilisha sindano kabla ya kumwita fundi. Sindano namba 11 ni ya vitambaa vyepesi, 14 ya kitenge na mashuka, 16 ya jinzi na kitambaa cha makochi, 18 ya turubai. Fulana zinataka sindano ya ncha butu, ya kawaida inatoboa nyuzi na kuruka. Hakikisha imeingia mpaka mwisho, na kwamba mfereji mrefu uko upande unaochomekea uzi. Na usivute kitambaa kwa nyuma. Meno ya cherehani yanajua kazi yake.

Mkanda umelegea.

Mkanda wa ngozi wa cherehani la mguu unakatwa kidogo na kuungwa tena kwa kile kipini chake. Kata nusu inchi, ujaribu. Mafuta tia ya cherehani tu. Ya kupikia yanaganda.

## Kushughulika na mafundi

Fundi kila siku ananiambia "njoo kesho".

Mpelekee kazi siku ambazo si za sikukuu. Wiki za kabla ya Idi, Krismasi na ufunguzi wa shule usitegemee chochote. Toa nusu ya malipo, andika tarehe kwenye simu yako mbele yake. Kazi ndogo kama mapindo ikate mwenyewe na uipige pasi, umpe kushona tu. Analipwa kidogo, anamaliza papo hapo ukisubiri.

Kitambaa changu kinabaki kwake. Nina haki ya kudai vipande?

Ni mali yako. Pima kitambaa mkiwa wote, na useme mwanzoni bila ugomvi: "Fundi, na vipande vyangu naomba." Ukidai mwishoni inaonekana unamshuku.

## Maswali ya pembeni

Viroba na magunia vinafaa kitu?

Gunia la katani, likifuliwa na kupigwa pasi, linatoa kapu la nguo chafu, kitambaa cha meza ya nje au uso wa mto, ila upande unaogusa ngozi uwe na bitana maana linawasha. Kiroba cha plastiki kinafaa kuwa kitambaa cha ndani cha kapu. Juani kinapukutika unga, usikifanye pazia.

Nguo za mtu wangu wa mwaloni zina harufu ya dagaa. Naweza kuzitumia kwenye viraka?

Jinzi zake ni imara, usiziache. Loweka kwenye maji baridi kwanza, maji ya moto yanakamatisha harufu. Kisha sabuni, kisha jua la siku nzima. Rudia. Kama zinanuka zikiwa na unyevu, bado.

Naweza kumshonea mtoto mchanga mto na vipambio vya kitandani?

Vipambio weka ukutani, mbali na mikono yake. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja alale bila mto wala vitu laini karibu na uso, kwa sababu vinaweza kumziba pumzi. Mshonee blanketi jembamba la viraka la kumbebea mchana.

Majirani wameanza kuniagiza. Nitoze vipi?

Hesabu kitambaa, uzi, kujaza, nauli, halafu saa zako. Wengi husahau saa. Anza na makava ya mito ya vipimo viwili tu, kwa sababu ukikata mengi kwa mara moja mabaki yanapangika. Mapazia yachukue baadaye, na upime mwenyewe nyumbani kwa mteja. Vipimo anavyokutumia kwa simu ni vya dirisha, siyo vya bomba. Ukitaka cheti na kujifunza kukata nguo kwa kanuni, vyuo vya ufundi vya VETA vina mafunzo ya ushonaji.

Mteja ameleta kitambaa pungufu na anang'ang'ania kitoshe.

Mwonyeshe hesabu kwa futi kamba juu ya kitambaa chenyewe kabla ya kugusa mkasi. Mpe njia mbili: kuongeza utepe wa rangi nyingine chini, wenye upana wa kuonekana kuwa umekusudiwa, angalau sentimita 20, au kufupisha pazia liishie kwenye kingo ya dirisha. Achague yeye, umwandikie kwenye karatasi ya oda.